Nyasi za Embulbul Zipimwe na Nani? Mjadala wa Jicho, Mundu na Setilaiti

Mvua ikikosa kuja Kajiado, swali huwa ni lile lile kwenye ofisi za kaunti, kwenye soko la mifugo la Kiserian na kwenye maboma: nyasi zilizobaki ni kiasi gani, na zitawafikisha ng'ombe mwezi gani? Majibu huwa mengi, na mara nyingi hayapatani. Taarifa rasmi itasema hali ni ya kawaida, ilhali mzee wa boma amekwisha kupeleka madume yake sokoni. Mtaalamu naye ataleta jedwali la kilo kwa hekta ambalo mfugaji hajui alifanyie nini.

Mjadala huu tumeuweka Embulbul kwa makusudi. Hapa, kando ya barabara inayotoka Karen kwenda Ngong, malisho ya zamani yamekatwa ploti za futi 50 kwa 100. Nyingine zina nyumba za mawe, nyingine zimezungushiwa waya au ua wa kayaba zikaachwa ziote nyasi. Ng'ombe bado wanapitishwa kwenye vipande vilivyo wazi, na wapo watu wanaopata riziki kwa kukata majani na kuwauzia wenye ng'ombe wa zizini. Kipimo kitakachofaulu katika nchi iliyokatwakatwa hivi kitakuwa kimepita mtihani mgumu kuliko ule wa mbuga wazi.

Wanaosema ni wanne: mfugaji mzee, mtaalamu wa nyanda za malisho, mchambuzi wa picha za setilaiti na mama anayeuza majani. Ni sauti za hoja, si watu fulani. Mwongozaji ni mwandishi wa makala haya.

MWONGOZAJI: Mzee, tuanze nawe. Wewe hupimi kwa mizani wala kwa kompyuta. Unajuaje kwamba malisho yamekwisha?

MFUGAJI: Ng'ombe ndiye anayeniambia. Akila amesimama, nyasi zipo. Akila huku anatembea, hatua moja mdomo mmoja, malisho yamekwisha, hata kama kwa mbali mbuga inaonekana imejaa. Naangalia mavi, naangalia maziwa ya jioni, naangalia manyoya yamelala au yamesimama. Na kabla ya kuhama hatukurupuki. Tunatuma vijana, ilaleenok, watangulie waone nyasi, maji, magonjwa, na nani amekwisha kufika huko. Wakirudi wanakaa chini ya mti na wazee wanawahoji. Aliyesema "nyasi ni nyingi" ataulizwa: nyasi gani, urefu gani, ng'ombe wa nani wanazila sasa? Kwa hiyo msiniambie kwamba kupima mlianza nyinyi.

MTAALAMU: Mzee wangu, hilo silipingi. Ila jicho la mtu aliyesimama lina udhaifu wake: linatazama kwa mshazari. Ukiitazama mbuga kwa mbali, shada la mbele linaficha pengo lililo nyuma yake, na ardhi yote inaonekana imevaa. Inama utazame chini moja kwa moja, utakuta kati ya shada na shada kuna udongo mtupu wa kutosha kuweka kiatu. Hapo ndipo tone la mvua linapopiga na maji kuanza kukimbia. Miteremko ya vilima vya Ngong inajua habari hiyo.

MWONGOZAJI: Basi dawa ya udhaifu huo ni nini?

MTAALAMU: Fimbo. Mwaka 2010 watafiti Corinna Riginos na Jeffrey Herrick walitoa mwongozo wa kuchunguza afya ya nyanda kwa ajili ya wafugaji wa Afrika Mashariki, na kifaa chake kikuu ni fimbo ya mita moja. Utaratibu wenyewe ni huu. Unachagua kitovu, halafu unatembea mita 25 kuelekea kila upande: kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Kila baada ya mita 5 unaangusha fimbo chini. Ina alama tano, na kwa kila alama unasema kilichoguswa: jani bichi, jani kavu lililoanguka, jiwe au udongo mtupu. Mahali ni 20, alama ni 5, jumla nukta 100. Ukipata nukta 38 za udongo mtupu, asilimia 38 ya ardhi iko uchi. Hata kalkuleta huhitaji.

MFUGAJI: Na ukiangusha fimbo mahali unapopapenda?

MTAALAMU: Ndiyo maana mita 5 ni mita 5. Mguu una upendeleo wake. Huruka mavi, huruka miiba, huvutwa na mahali palipo laini. Ukifika mita ya tano ukakuta kichaka cha miiba, fimbo inaangukia humo humo kwenye miiba. Alama nazo lazima ziwe nyembamba. Ncha nene hugusa jani ambalo ncha nyembamba ingelikosa, na hapo umeiongezea ardhi nguo isiyokuwa nayo. Tena kuna mambo mawili ya kutenganisha: kivuli cha majani, na kitako cha shada pale linapotoka ardhini. Kivuli hubadilika kila mvua na kila kundi la ng'ombe linapopita. Kitako hubadilika polepole, mwaka kwa mwaka. Anayetaka kujua kama ardhi inapona au inakufa afuate kitako.

MFUGAJI: Nimekuelewa, kijana wangu. Lakini ng'ombe wangu hali asilimia. Hiyo fimbo itaniambia watakula siku ngapi?

MTAALAMU: Haitakuambia. Na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kuna swali la mfuniko: udongo umekingwa kiasi gani? Na kuna swali la uzalishaji: ardhi imetoa chakula kiasi gani? Ploti inaweza kuwa imefunikwa yote na nyasi fupi zilizolala, isilishe ndama wiki moja. Nyingine ina mapengo makubwa, lakini mashada yake machache ni marefu na mazito. Kwa swali la chakula hatuna njia fupi: tunachukua fremu, mkasi au mundu, na mizani.

MWONGOZAJI: Tuonyeshe kwa karibu.

MTAALAMU: Fremu ya nondo nyembamba, sentimita 50 kwa 50, inalazwa chini. Kila kilichoota ndani yake kinakatwa karibu na udongo na kutiwa kwenye mfuko wa kaki, ambao juu yake umeandikwa tarehe, mahali na namba. Mifuko inakaushwa kwenye joko, nyuzi 60 hadi 70, hadi uzito uache kupungua, kisha inapimwa. Tuseme fremu imetoa gramu 30. Fremu nne ni mita moja ya mraba, kwa hiyo ni gramu 120 kwa mita, yaani kilo 1,200 kwa hekta. Sasa tuilete hesabu hiyo hapa Embulbul. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita za mraba kama 465. Ina kilo 56 za nyasi kavu. Nusu iache ardhini ili shina lipone na udongo usibaki uchi. Zimebaki 28. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 na robo za nyasi kavu kwa siku. Siku ya tano ploti imekwisha.

MFUGAJI: Siku nne na nusu, ng'ombe mmoja.

MTAALAMU: Mmoja.

MAMA MAJANI: Naomba niingie hapo kwenye mizani. Mimi nauza majani kila siku, na nimeona jinsi mzigo unavyodanganya. Uliokatwa alfajiri una umande. Mnunuzi anaubeba akidhani amepata chakula, kumbe amebeba maji. Majani ya siku tatu baada ya mvua yana maji kuliko ya mwezi wa kiangazi. Wateja wangu wajanja hawanunui kwa uzito, wananunua kwa mzigo, na wanatia mkono ndani kutafuta mashina magumu. Kwa hiyo nakubali mambo ya joko. Kisichokaushwa hakijapimwa. Lakini nina ugomvi na hiyo fremu.

MTAALAMU: Ugomvi gani, mama?

MAMA MAJANI: Inalazwa wapi? Nimeona wanafunzi wakiitupa nyuma ya bega huku wamefumba macho, eti ndiyo bahati nasibu. Mkono unajua unakotupa. Hautupi kwenye choo cha jirani, hautupi ndani ya kayaba, na hauruki ukuta. Utaangukia njiani, kwenye kipande kilicho wazi, ambako ng'ombe wa mzee wamekwisha kunyoa kila kitu. Mimi nayapata wapi majani yangu? Ndani ya ploti zilizofungwa. Mwenyewe yuko Nairobi au Ulaya, mlinzi ananifungulia, na humo majani yananifika kiunoni. Ukipima unapoweza kuingia tu, utaandika kwamba Embulbul hakuna nyasi. Ukiruhusiwa ndani ya waya tu, utaandika kwamba kuna neema.

MTAALAMU: Umegusa penyewe. Kutupa fremu si bahati nasibu. Mnunuzi wa maharagwe hachukui punje za juu ya gunia ambazo muuzaji amezipanga. Anazamisha mkono hadi katikati na hadi chini. Sisi huchora ramani, tunaigawa kwa mistari, na namba za kubahatisha ndizo zinazochagua vituo kabla hatujatoka ofisini. Lakini kwa nchi iliyokatwa ploti hata hilo halitoshi. Lazima kwanza tugawe ardhi kwa matabaka: ploti zilizofungwa bila nyumba, vipande vilivyo wazi, kando ya barabara na mito, na ploti zilizojengwa. Kila tabaka lina vituo vyake, na kila tabaka linaandikwa peke yake. Wastani wa nyasi za kiunoni na zilizonyolewa ni goti, na hakuna hata ploti moja hapa yenye nyasi zinazoishia gotini.

MWONGOZAJI: Vituo vingapi vinatosha?

MTAALAMU: Inategemea ardhi inatofautiana kiasi gani. Kanuni ni chungu: ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, fremu ziwe mara nne. Fremu 10 zikikupa kosa la kilo 300 juu na chini, utahitaji kama 40 kulifikisha 150, na 160 kulifikisha 75. Kila fremu ni jasho, mfuko na nafasi kwenye joko. Ndiyo maana vipimo vingi vya mundu hufanywa mara moja, vikaandikiwa ripoti, na havirudiwi.

MCHAMBUZI: Na hapo ndipo mimi ninapoingia, kwa heshima ya wazee. Setilaiti hairuki ukuta, inapita juu. Haichoki wala haiombi ufunguo kwa mlinzi. Jani hai hula mwanga mwekundu na kurudisha ule ulio ng'ambo ya mwekundu ambao jicho letu haliuoni. Tofauti ya mianga hiyo miwili ndiyo inayotupa kipimo cha ukijani. Kifaa cha MODIS kimekuwa kikipiga picha za nchi hii tangu mwaka 2000. Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hulinganisha ukijani wa sasa na ule wa wakati kama huu katika miaka iliyopita, uliokuwa wa chini kabisa na wa juu kabisa. Inapata namba: chini ya 35 ni upungufu wa wastani, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 ni wa kupindukia. Misimu mitano ya mvua ilipofeli mfululizo kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, hakuna mtu mwenye fremu angeweza kuzunguka kaunti zote kame kila mwezi. Setilaiti ilizunguka.

MFUGAJI: Binti yangu, hiyo setilaiti inaona nini kwenye kijani?

MCHAMBUZI: Inaona kijani, Mzee.

MFUGAJI: Hapo ndipo tunapoachana. Teremka kutoka hapa kuelekea Isinya na Kajiado utazame mahali palipochoka. Kuna Ipomoea imetanda, kichaka cha maua kama ya viazi vitamu. Kinabaki kijani wakati nyasi zimekufa, na ng'ombe anakipita. Setilaiti yako ikipita hapo itaandika neema. Namba itapanda huku ng'ombe wanaanguka.

MCHAMBUZI: Kweli, Ipomoea hildebrandtii ni tatizo linalojulikana Kajiado, na picha peke yake haitofautishi kijani kinacholiwa na kisicholiwa. Naongeza na kosa la pili kabla mama hajanisema. Kipande kimoja cha picha ya MODIS ni mita 250 kila upande, hekta 6 na robo. Kwa ploti za hapa, ni zaidi ya ploti 130 zilizogeuzwa namba moja: mabati, migomba, miti ya ua, nyasi za kiunoni na udongo uliokanyagwa, vyote kwenye sufuria moja. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, zinaona kwa mita 10, kwa hiyo ploti inapata vipande vinne au vitano. Ni nafuu kubwa. Lakini hata hizo haziniambii kilo, zinaniambia ukijani. Ili niugeuze kuwa kilo, lazima mtu awe amekata nyasi mahali fulani, siku ile ile au karibu nayo.

MWONGOZAJI: Na mvua je? Wapo wanaosema ukijua mvua umejua nyasi.

MTAALAMU: Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1984 mtafiti Deshmukh alikusanya vipimo vya nyanda za Afrika ya Mashariki na Kusini, akakuta kwamba kila milimita ya mvua huendana na takriban kilo 8 za nyasi kavu kwa hekta, zikipimwa pale zilipo nyingi kabisa. Milimita 500 zinakupa kama kilo 4,000. Ni kanuni nzuri ya kukadiria eneo kubwa. Lakini mvua ile ile ikinyesha kwenye udongo wenye mashada mazima na kwenye udongo uliofunga ngozi, haileti nyasi zile zile. Mahali palipochoka maji hukimbia. Kwa hiyo mfuniko tulioupima kwa fimbo ndio unaoamua mvua itageuka nyasi au mafuriko.

MFUGAJI: Mnazungumza juu ya nyasi zilizosimama. Lakini nyasi zilizosimama ni mabaki. Zilizoliwa ziko wapi katika daftari lenu?

MTAALAMU: Mzee, swali hilo limewahangaisha wanasayansi miaka mingi. Ukipima mara moja tu, msimu unapofika kilele, umepima salio, hujapima mapato. Kuna nyasi zilizoota zikaliwa, nyingine zikafa na kuoza kabla hujafika, na kuna mizizi, ambayo mkasi hauigusi kabisa. Miaka ya 1980 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilifadhili utafiti katika nchi kadhaa za joto, zikiwemo Mexico, Thailand na Brazil. Kituo cha Kenya kilikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, uwanda ule ule unaoungana na Kitengela, na kazi ilifanywa na Kinyamario na Imbamba wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walikuwa wakipima kila mwezi: zilizo hai, zilizokufa, zilizooza, na mizizi. Utafiti huo ulionyesha kwamba ile njia ya zamani ya kupima kilele ilikuwa ikipunja uzalishaji wa nyasi za nchi za joto mara kadhaa.

MAMA MAJANI: Lakini ploti zilizofungwa si zinajibu hilo? Humo hakuna aliyekula. Kilichoota kipo chote.

MTAALAMU: Ni wazo zuri, mama, na nusu yake ni sahihi. Watafiti nao hujenga vizimba vya waya ili ng'ombe asifike, kisha hulinganisha ndani na nje. Tofauti ndiyo iliyoliwa. Embulbul imejaa vizimba ambavyo hakuna mtafiti aliyevijenga. Tatizo ni kwamba ploti iliyofungwa miaka mitano si ploti ile tena. Nyasi za juzi zimekufa zikazifunika za leo na kuzinyima mwanga. Nyasi kama Themeda triandra, ile inayogeuka nyekundu ikikomaa, isipoliwa wala kuchomwa kwa muda mrefu hudhoofika. Ndiyo maana vizimba huhamishwa kila baada ya wiki chache.

MFUGAJI: Hilo hata ndama analijua. Nyasi zilizoliwa na kuachwa zipumzike hurudi tamu kuliko zilizozeeka.

MTAALAMU: Na sayansi iko upande wako. Mtafiti McNaughton alipofanya kazi Serengeti miaka ya 1970 aliona kwamba kuliwa kwa kiasi kunaweza kuichochea nyasi iote zaidi. Kwa hiyo malisho yaliyolishwa yanaweza kutoa chakula kingi kuliko yaliyofungwa, ingawa siku yoyote utakayokwenda kuyatazama yataonekana mafupi. Anayelinganisha urefu tu atamsifu mwenye waya na kumlaumu mwenye ng'ombe.

MWONGOZAJI: Naona kila mmoja amemvua mwenzake nguo. Jicho linatazama kwa mshazari, mundu ni ghali na unachungulia siku moja, setilaiti haijui kinacholiwa. Je, kuna mahali mnapokutana?

MTAALAMU: Pako, na pamekuwapo tangu 1975. Haydock na Shaw, watafiti wa Australia, walibuni njia inayolitumia jicho bila kuliabudu. Unatafuta fremu tano za mfano. Namba 1 ni mahali penye nyasi haba kuliko kote, namba 5 ni mahali palipojaa kabisa, na 2, 3, 4 ziko katikati kwa hatua sawa. Waangalizi wanazikodolea macho hadi zimewaingia. Kisha wanatembea, na kwa kila kituo wanaita namba tu: tatu, mbili, tatu na nusu, moja. Vituo mia kwa asubuhi moja inawezekana. Mwishoni fremu chache tu ndizo zinazokatwa na kupimwa, zikiwemo zile za mfano, na uzito wake ndio unaozigeuza namba zote kuwa kilo.

MFUGAJI: Kumbe mnarudi kwenye jicho.

MTAALAMU: Tunarudi kwenye jicho lililokubali kukaguliwa. Wawili wakiita namba tofauti mahali pamoja, wanasimama wanazungumza. Mundu unaamua.

MFUGAJI: Kama wale vijana chini ya mti.

MCHAMBUZI: Na hapo ndipo nami ninapopata ninachokitafuta. Nikipewa vituo mia vilivyoitwa namba, vyenye mahali na tarehe, pamoja na alama ya jinsi kijani kilivyo, nyasi, Ipomoea au mti, naweza kuirekebisha picha yangu. Setilaiti itasambaza mbali kile ambacho jicho limekiona karibu. Bila hivyo nasambaza kosa tu.

MFUGAJI: Nimekubali mambo mengi leo. Limebaki moja, na ndilo zito. Watu wamepima nyasi za Kajiado tangu nikiwa kijana. Daftari ziko wapi?

MWONGOZAJI: Mzee hasemi ovyo. Mtaalamu Harold Heady aliandika kitabu juu ya usimamizi wa nyanda za Afrika Mashariki, kikachapwa Nairobi 1960. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianzisha kitengo cha kufuatilia nyanda za malisho, KREMU, ambacho leo ni idara ya upimaji wa rasilimali na utambuzi wa mbali, DRSRS, kikahesabu wanyama kwa ndege na kuchunguza mimea kutoka angani na ardhini. Mwaka 1991 kituo cha kimataifa cha mifugo barani Afrika, ILCA, kilitoa kitabu kizima juu ya ufugaji wa Wamaasai wa mashariki mwa Kajiado, kikizipitia ranchi za Olkarkar, Merueshi na Mbirikani. Kazi ni nzuri. Lakini ranchi za pamoja, zilizoundwa kwa sheria ya 1968, nyingi zimegawanywa, na namba zile hazikuhamia kwa waliogawana ardhi.

MTAALAMU: Pana mfano tofauti upande wa Magadi. Kwenye kituo cha Lale'enok, huko Olkiramatian, watu wa jamii yenyewe ndio wanaokusanya taarifa za malisho, mifugo na wanyamapori, na taarifa zinajadiliwa hapo hapo.

MAMA MAJANI: Huko malisho bado ni ya pamoja. Hapa kila futi 50 ina mwenyewe. Nani ataitisha mkutano? Na nikiwaonyesha ploti zenye majani, kesho bei ya mlinzi itapanda. Kupima kunamsaidia anayepima, anayepimwa je?

MFUGAJI: Mama amesema. Nyasi za ndani ya waya mkiziandika kwenye hesabu ya kaunti, mtasema Kajiado ina chakula, na msaada hautakuja. Ng'ombe wangu hawajui kufungua geti.

MCHAMBUZI: Lakini tusipoziandika, tutasema uongo wa upande wa pili. Nyasi zipo, na kupitia kwa mama zinawafikia ng'ombe, ingawa si wako.

MWONGOZAJI: Hapo hamjapatana, na sitawapatanisha kwa nguvu. Kwa mengine, mjadala umenifikisha kwenye msimamo. Kipimo cha nyasi kinafaa pale tu kinapoweza kumkatalia anayekitumia. Jicho la mfugaji linafaa likikubali kusahihishwa na mundu. Picha ya setilaiti inafaa ikikubali kusahihishwa na jicho. Na mundu nao unafaa ukikata palipochaguliwa na namba, ukarudi mahali pale pale kila mwisho wa mvua za vuli na za masika. Fimbo ya mita moja na fremu tano za mfano ziko ndani ya uwezo wa shule yoyote ya upili ya Ngong na kikundi chochote cha wafugaji. Kilichopungua ni mtu wa kulitunza daftari hadi mwaka wa kumi.

Kuhusu nyasi za ndani ya waya, naona ziandikwe, lakini katika safu yake, na pembeni yake iandikwe bei ambayo mwenye ng'ombe atalipa kuzifikia. Chakula chenye geti na chakula kisicho na geti si kitu kimoja hata kama mizani inasoma kilo zile zile. Taarifa ikija tena na namba moja kwa Kajiado nzima, kila mwenye ng'ombe ana haki ya kuuliza: nyasi zilikatwa wapi, namba ziliitwa na jicho la nani, na ufunguo wa ploti anao nani?